Nembo Kumi, Saa Mbili: Tunashirikiana na Nani Dhidi ya Taarifa Potofu?

Mwaka jana nilialikwa kwenye semina ya siku moja kuhusu kutambua taarifa potofu mtandaoni. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kikali, maji ya chupa mbele ya kila kiti. Nyuma ya meza kuu kulikuwa na bango lililojaa nembo. Nilizihesabu wakati tukimsubiri mgeni rasmi: kumi. Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu. Hotuba zikasomwa, tukanywa chai, tukapiga picha ya pamoja. Ukiondoa hotuba, chai, chakula cha mchana na neno la shukrani, tulichofundishwa hasa kilichukua kama saa mbili. Jioni nikaondoka na cheti, fulana na posho ya nauli.

Nikiwa kwenye daladala nikafungua kundi la WhatsApp la ukoo. Mama mkubwa alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, ule wenye alama ya kuonyesha umeshapita kwenye simu nyingi. Mtu anayejiita daktari anasema vidonge vya presha ndivyo vinavyoua figo, na kwamba kitunguu saumu na limau vikichemshwa pamoja vinamaliza presha ndani ya siku 21. Chini yake mama mkubwa kaandika: "Mimi leo siku ya nne, najisikia mwepesi."

Siku ya nne bila dawa. Kijasho kilinitoka. Na kwa kuwa cheti kilikuwa kwenye begi, nikafanya nilichofundishwa: nikatafuta, nikapata ukurasa unaokanusha madai ya namna hiyo, nikauweka palepale kwenye kundi, mbele ya watoto wake, wakwe zake na wajukuu, nikaandika kwa herufi kubwa: UONGO. MSISAMBAZE. Haikupita dakika tano mama mkubwa akajitoa kwenye kundi.

Nitarudi kwake mwishoni. Kwanza nataka kuikosoa ile semina, na si kwa sababu waandaaji walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wazuri wenye nia njema. Ninachokikosoa ni mtindo mzima: tumezoea kupima ushirikiano kwa idadi ya wadau waliokaa meza kuu, wakati tafiti zinatuonyesha kwamba kinacholeta tofauti ni muda ambao mtu anakaa akifundishwa, na nani anayemfundisha.

Wazo lenyewe halina ubaya

Tuanze na maana. Elimu ya habari na taarifa ni ule uwezo wa kujiuliza maswali ya kawaida kabisa kila unapokutana na dai: nani kasema? Kajuaje? Anafaidika nini nikiamini? Wengine wanaolijua jambo hili wanasemaje? Ni pamoja na kujua jinsi habari inavyotengenezwa, na wewe mwenyewe kuweza kutengeneza na kusambaza kwa uaminifu.

UNESCO imekuwa ikilisukuma jambo hili tangu zamani, kabla hata ya intaneti kufika mitaani kwetu. Tamko la Grünwald, kule Ujerumani, lilitolewa 1982, wakati hofu kubwa ilikuwa televisheni. Mwaka 2011 ukatoka mtaala wa kuwasaidia walimu, ukaboreshwa 2021. Mwaka 2013, jijini Abuja, Nigeria, ukazinduliwa muungano wa kimataifa wa washirika wa elimu hii. Na kila mwaka, tarehe 24 hadi 31 Oktoba, kuna wiki maalumu ya kuiadhimisha duniani.

Hoja ya ushirikiano inaeleweka. Shule inajua kufundisha lakini haijui uongo gani unazunguka wiki hii. Chumba cha habari kinajua uongo wa wiki hii lakini hakina darasa. Chuo kikuu kinajua kupima kama somo limeeleweka. Kampuni ya simu ina njia ya kuwafikia watu, na serikali ndiyo yenye ratiba ya vipindi. Kila mmoja ana kipande chake, hakuna mwenye kitu kizima.

Shida inaanza pale vipande hivyo vinapokutana ukumbini. Kitu rahisi kuchangia ni nembo, kwa sababu haina gharama. Kitu kigumu kuchangia ni muda: vipindi vya wiki kwa wiki, mwalimu wa kuvifundisha, na mtu wa kurudi baada ya miezi kuuliza kama kuna aliyekumbuka chochote. Kwa hiyo tunapata nembo kumi na saa mbili.

Utaniuliza, saa mbili si bora kuliko sifuri? Swali zuri, na limeshapimwa.

Bihar: saa moja, halafu wiki 14

Twende India, kwenye jimbo la Bihar, mojawapo ya majimbo maskini zaidi ya nchi ile. Wakati wa uchaguzi mkuu wa 2019, mtafiti Sumitra Badrinathan aliendesha jaribio na watu 1,224. Kwa bahati nasibu, baadhi yao walitembelewa nyumbani na kufundishwa kwa takriban saa moja namna ya kutambua habari za uongo. Wengine hawakupata somo hilo. Baadaye wote wakapimwa.

Matokeo? Kwa wastani, hakuna tofauti ya maana. Na si hivyo tu. Miongoni mwa wafuasi wa chama tawala cha BJP, waliofundishwa walizidi kushindwa kutambua uongo unaokipendelea chama chao. Yaani somo liliwagusa walipokuwa na ushabiki, wakakaza mkao.

Kumbuka kwamba hii haikuwa semina ya kubahatisha. Mtu alikwenda mpaka nyumbani, akakaa, akaeleza ana kwa ana. Utafiti mwingine uliochapishwa 2020, wa Andrew Guess na wenzake, ulipima vidokezo vilivyosambazwa na Facebook kuhusu kutambua habari za uongo. Vilisaidia kiasi kwa Wamarekani, na kwa Wahindi wenye elimu waliokuwa mtandaoni. Kwa watu wa vijijini nchini India havikuonyesha faida yoyote. Tena kuna jambo la kuangalia kwa makini: kule Marekani, vidokezo vilipunguza kidogo hata imani ya watu kwa habari za kweli. Ukimfundisha mtu kushuku tu, atashuku kila kitu, na mtu anayeshuku kila kitu ni rahisi kumtapeli kama anayeamini kila kitu.

Badrinathan hakuishia hapo. Yeye na wenzake walirudi Bihar na mpango mwingine kabisa. Safari hii walishirikiana na wakala wa serikali ya jimbo lenyewe, wakatumia maktaba zilizokuwa tayari kwenye jamii, wakawalenga vijana wa shule. Vijiji 583, vijana zaidi ya 13,500. Masomo yakasambazwa ndani ya wiki 14, na mada ikawa taarifa za afya, si siasa.

Safari hii matokeo yakawa makubwa. Vijana waliweza kutofautisha kweli na uongo vizuri zaidi, wakabadilisha vyanzo wanavyovitegemea kuhusu afya, na miezi kadhaa baadaye bado walikuwa nacho. Waliweza kutumia ujuzi huo hata kwenye habari za siasa ambazo hawakufundishwa. Wazazi wao pia walifaidika, ingawa hakuna aliyewaita darasani.

Linganisha majaribio haya mawili. Jimbo ni lilelile na mtafiti mkuu wa lile la kwanza alikuwemo kwenye la pili. Lakini mshirika alibadilika, na muda ukabadilika. Mshirika wa safari ya pili alileta jengo la maktaba, ratiba, na jina ambalo wazazi walikuwa wanalifahamu. Hivyo ni vitu ambavyo nembo kwenye bango haiwezi kuvileta.

Uganda, hapa jirani

Kama Bihar ni mbali, twende Uganda. Kuanzia miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway walijiuliza: mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa kupima madai kuhusu tiba? Wawili kati ya waliobeba kazi hii mabegani, Allen Nsangi na Daniel Semakula, walikuwa wanafunzi wa uzamivu wakati ule. Wanafunzi wenzetu, mjue.

Hawakukimbilia darasani. Walitumia miaka kadhaa kutengeneza kitabu chenye hadithi za picha, wakijaribu na kurekebisha pamoja na walimu na watoto. Mojawapo ya madai wanayojadili watoto ni lile la kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye jeraha la moto. Ni dai ambalo mtoto wa Kampala, Kigoma au Kitui anaweza kulisikia nyumbani, si mfano ulioletwa na ndege.

Mwaka 2016 wakafanya jaribio. Shule za msingi 120, watoto zaidi ya 10,000, wengi wa miaka 10 hadi 12. Nusu ya shule zilifundishwa kwa muhula mmoja, vipindi tisa vya dakika 80 kila kimoja, na waliofundisha ni walimu wa shule hizo wenyewe. Nusu nyingine ziliendelea na masomo ya kawaida. Mwishoni watoto wakapewa mtihani wa maswali 24. Waliofikia alama ya kufaulu kwenye shule zilizofundishwa walikuwa asilimia 69. Kwenye shule zisizofundishwa, asilimia 27. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2017, na watoto walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, faida ilikuwa bado ipo.

Sambamba na hilo, wazazi walipewa vipindi vya kusikiliza, vya sauti. Mwanzoni ilikwenda vizuri: asilimia 71 ya waliosikiliza walifaulu, dhidi ya 38 ya wasiosikiliza. Lakini baada ya mwaka, sehemu kubwa ya faida hiyo iliyeyuka. Mtoto alirudia somo wiki kwa wiki, akajibu, akabishana na mwenzake. Mzazi alisikiliza, basi.

Na huu nao tuukosoe

Sasa, sisi ni wanafunzi wa sayansi. Hatuwezi kuikosoa semina halafu utafiti tunaoupenda tukaupita kimyakimya.

Kwanza, mtihani ulitengenezwa na timu ileile iliyotengeneza somo. Waliofundishwa walikuwa wameshazoea aina ile ya maswali. Hilo halifuti tofauti ya asilimia 69 kwa 27, lakini linatutaka tuisome kwa uangalifu. Pili, kufaulu kwenye karatasi si sawa na kukataa kinyesi cha ng'ombe mtoto akiungua kweli na bibi ameshakileta. Tatu, hata baada ya muhula mzima, asilimia 31 hawakufikia alama ya kufaulu. Ikiwa saa 12 za darasani zinawaacha watoto karibu watatu kati ya kumi nyuma, tunatarajia nini kutoka kwenye saa mbili za ukumbini baada ya chai?

Nne, lugha. Kitabu kilichotumika kwenye jaribio kilikuwa cha Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia madarasa hayo nchini Uganda. Lakini ujumbe wa mama mkubwa haukuja kwa Kiingereza. Uongo unasafiri kwa lugha ya nyumbani, tena kwa sauti ya mtu anayeitana "ndugu yangu". Nawashukuru wanaohakiki taarifa kwa Kiswahili, kama JamiiCheck, Nukta Fakti na PesaCheck, maana bila wao hata kiungo cha kumtumia mama mkubwa nisingekipata. Ila uhakiki ni kuzima moto. Elimu ni kujenga nyumba isiyoungua haraka, na hiyo bado hatujaianza ipasavyo. Watafiti waliochunguza nchi saba za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2020, Kenya na Uganda zikiwemo, walikuta ni jimbo moja tu, Western Cape la Afrika Kusini, lililokuwa likifundisha shuleni mambo yanayohusu moja kwa moja kutambua taarifa potofu.

Mshirika mwenye mguu huku na huku

Kuna jambo ambalo kwenye semina halisemwi kwa sababu ya adabu. Baadhi ya wadau wana maslahi kwenye tatizo lenyewe.

Chukua kampuni za mitandao. Facebook ilianza kushirikiana na wahakiki wa nje mwishoni mwa 2016, na baadaye ikawalipa. Vyombo vingi vya uhakiki duniani vikajenga bajeti juu ya fedha hizo. Januari 2025, kampuni mama, Meta, ikatangaza kuachana na mpango huo Marekani. Mwezi uleule serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya vyombo vya habari ikakatika katikati. Ushirikiano unaotegemea mkoba wa mtu mmoja si ushirikiano, ni ajira ya kibarua.

Serikali nayo ina pande mbili. Ndiyo mwenye shule, zahanati na maktaba, kwa hiyo bila yake hufiki mbali. Bihar imeonyesha hivyo. Lakini serikali hizohizo zimewahi kutunga sheria za kuadhibu taarifa za uongo: Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2018. Mwalimu anayewafundisha watoto kuuliza "nani kasema na kajuaje?" lazima awe na uhakika kwamba hakuna msemaji aliyewekewa uzio asiulizwe. Vinginevyo tutafundisha kuwashuku wauza dawa wa mtandaoni tu, na hiyo ni nusu ya elimu.

Sisemi tuwafukuze wote hawa mezani. Nasema tuwe wazi kila mmoja kaleta nini na anatafuta nini. Ndiyo maswali yaleyale tunayowafundisha watoto wayaulize.

Maswali manne kabla ya picha ya pamoja

Ukialikwa kwenye uzinduzi mwingine wa ushirikiano, beba maswali haya:

Moja, mwanafunzi mmoja atapata saa ngapi za kufundishwa, na zimesambazwa kwa wiki ngapi?

Mbili, atakayefundisha ni nani, na atakuwepo mtaani kwao mradi ukiisha? Kama ni mwalimu, mkutubi au muuguzi, vizuri. Kama ni mwezeshaji anayewahi ndege, hapana.

Tatu, mtapima nini, lini, na mtalinganisha na nani? Idadi ya waliohudhuria si kipimo. Na mkipima, pimeni pia kama watu bado wanaamini yaliyo kweli.

Nne, fedha zikikatika kesho, kitabaki nini? Hapa kwetu mitaala inaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukurasa mmoja kwenye kitabu cha kiada cha darasa la tano, ukifundishwa kila mwaka, utadumu kuliko mabango yote niliyowahi kuyapiga picha.

Jumamosi kwa mama mkubwa

Nilikwenda kwake siku ya nane, na machungwa mkononi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuniandikia UONGO na hapa?"

Nikaomba radhi. Tukakaa. Kwa karibu saa nzima hatukugusa habari ya presha. Halafu mwenyewe akasema: vile vidonge vilikuwa vinamvimbisha miguu. Alishalalamika kliniki mara mbili, foleni ndefu, hakuna aliyemsikiliza. Yule mtu wa kwenye sauti ndiye wa kwanza kumwambia kwamba dawa inaweza kuwa na shida. Uongo ulikuwa umepanda juu ya malalamiko ya kweli. Hilo halikuwemo kwenye semina, wala kwenye cheti changu.

Nikamwomba tuusikilize ujumbe wote pamoja. Nikauliza tu: "Huyu daktari anaitwa nani? Yuko hospitali gani?" Akarudisha mwanzo, akasikiliza tena mpaka mwisho, pale kwenye namba ya simu ya kuagizia "dozi kamili". Akanyamaza. "Kumbe anauza," akasema.

Jumatatu nikamsindikiza zahanati nyingine. Presha ilikuwa 178 kwa 104. Muuguzi alimsikiliza kuhusu miguu, akamwita daktari, akabadilishiwa aina ya dawa. Kati ya Jumamosi na Jumatatu nilitumia karibu siku nzima kwa mtu mmoja, na mshirika wangu mkubwa alikuwa yule muuguzi, ambaye hakuna aliyemwalika semina.

Mama mkubwa amerudi kwenye kundi. Vidonge anameza, miguu imepungua. Kitunguu saumu na limau bado anakunywa kila asubuhi, na hilo nimeamua kutobishana naye.